Mama Aliyemficha Mwanawe, Nyoka na Ngazi, na Ubao wa Namba 100: Stori ya Hesabu Ambayo Shuleni Hatukupewa

Nyumba za kupanga hazina siri. Ukuta ukiwa mwembamba, utajua jirani kapika nini, kagombana na nani, na simu gani kaipokea kwa sauti ya chini. Kwetu sisi, kwa miezi kadhaa, kila saa mbili usiku kilikuwa ni kipindi cha hesabu.

"Saba mara nane?"

Kimya.

"Nakuuliza wewe! Saba mara nane ngapi?"

"Arobaini na... nane?"

Halafu kofi. Halafu kile kilio cha kubana, cha mtoto anayejua kwamba akilia kwa nguvu anaongezewa.

Majina sitaji, na msiniulize ni mtaa gani. Mama mwenyewe ni mtu poa kabisa. Anauza mitumba, anatoka alfajiri, anarudi kachoka, lakini lazima akae na daftari la mwanawe. Siku moja tulikutana bombani, akaona aibu kidogo, akaniambia hivi: "Kaka, najua mnatusikia. Mimi mwenyewe hesabu zilinishinda. Nilichapwa mpaka nikaziogopa. Sasa naogopa na huyu zije zimshinde."

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu na mimi ni mmoja wao. Darasa la tatu nilikuwa nasimama mbele ya darasa, mwalimu kashika fimbo, mimi nimeshika pumzi. Mpaka leo nikigawana bili na washkaji mgahawani, natoa simu hata kwa hesabu ya elfu ishirini na nne kwa watu watatu.

Nikaanza kufukunyua: hivi kuna watu waliowahi kufundisha hesabu bila haya mateso? Kumbe wapo, na stori yao ina mfungwa wa vita, mchezo wa nyoka, na mama mmoja aliyebeba siri nzito kuliko za mastaa wote mnaowafuatilia humu. Katikati ya stori yote kuna kitu kidogo sana: mraba wenye vyumba 100, kumi kwenda chini, kumi kwenda kulia. Wengine wanauita chati ya mia. Mimi nitauita ubao wa mia.

MIA IMETOKA WAPI?

Tuanze na vidole. Binadamu ana kumi, ndiyo maana watu wengi duniani wanahesabu kwa makumi. Ukiwa na kumi mara kumi unapata mraba kamili wa mia. Mpaka hapo hakuna cha ajabu.

Shida ilikuwa kuandika. Utaandikaje mia moja na tano bila kitu cha kuonyesha kwamba pale katikati hakuna makumi? Jibu lilitoka India. Mwaka 628 mtaalamu wa nyota anayeitwa Brahmagupta aliandika kanuni za kutumia sifuri kama namba kamili, siyo pengo tu. Karne ya 9 elimu hiyo ikaandikiwa kitabu kule Baghdad na al-Khwarizmi. Huyo ndiye ambaye jina lake limezaa neno algoridhimu. Ndiyo, ile ile inayokuchagulia video mpaka saa nane usiku.

Ulaya zikaingia kupitia Waarabu, na Afrika ilihusika. Kijana mmoja wa Pisa, tunayemjua leo kama Fibonacci, alizijua namba hizi akiwa na baba yake kwenye mji wa bandari wa Bugia, Algeria ya leo. Mwaka 1202 akaandika kitabu kuzitangaza. Unadhani walizipokea kwa shangwe? Wapi! Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika vitabu vya mahesabu kwa namba hizo. Namba za Kirumi ndizo zilizoaminika. Hizi mpya walizishuku, maana sifuri inageuzwa kuwa sita au tisa kwa mkwaju mmoja wa kalamu.

Kwa hiyo ukimwona mtoto wako anaishangaa 0, mwache ashangae. Watu wazima wenye pesa zao waliiogopa.

KISWAHILI CHETU NACHO KINA MTEGO

Hapa kuna jambo ambalo mimi sikuwahi kuliwaza mpaka nilipokaa na mtoto.

Sikiliza: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Safi kabisa, mtoto anasikia kumi, anasikia na nyongeza yake. Mwingereza ana "eleven" na "twelve" ambazo hazikuambii kitu. Mfaransa wa Paris akitaka kutaja 97 inabidi aseme nne-ishirini-kumi-na-saba. Sisi hapo tumewapita.

Lakini fika makumi. Mbili, ishirini. Tatu, thelathini. Nne, arobaini. Tano, hamsini. Kuna mahali umeisikia mbili ndani ya ishirini? Nane ndani ya themanini? Hakuna. Moja mpaka tano, pamoja na nane na kumi, ni maneno ya Kibantu. Sita, saba, tisa na makumi yote kuanzia ishirini tumeyapata kutoka Kiarabu, matunda ya karne nyingi za biashara pwani yetu. Ndiyo maana sitini inafanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa: hizo ni ndugu wa damu moja. Zilizobaki mtoto analazimika kukariri tu.

Zamani watu wa pwani walikuwa na zaidi. Kumi na moja ilikuwa edashara, kumi na mbili thenashara. Na yale ya Kibantu yaliyohamishwa bado yamejificha. Kenda ni tisa, na Mijikenda wa pwani ya Kenya ni miji tisa. Fungate lilikuwa saba, zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Leo mnaenda fungate Zanzibar siku tatu na picha mia mbili, lakini neno lenyewe ni la hesabu!

Sasa mwekee mtoto ubao wa mia mbele yake. Masikio hayasikii mbili ndani ya ishirini, lakini macho yanaona: 21, 22, 23, zote zinaanza na 2. Kuanzia 30 mpaka 39 zote zinaanza na 3. Alichofichwa na maneno anaonyeshwa na ubao. Kwa mtoto anayesema Kiswahili, kipande hiki cha boksi kina kazi maalumu.

MFUNGWA ALIYERUDI NA SHANGA

Mwaka 1801 Mswisi mmoja, Johann Heinrich Pestalozzi, alitoa kitabu kuhusu jinsi mama anayeitwa Gertrude anavyofundisha watoto wake. Wazo lake lilikuwa la kushangaza kwa wakati ule: kwamba mtoto aanze na vitu anavyoviona na kuvigusa ndipo aende kwenye alama za kuandika, na kwamba mama wa kawaida, nyumbani, anaweza kuwa mwalimu wa kwanza. Akachora majedwali ya vistari ili mtoto aone wingi wa kitu kabla ya kutajiwa jina la namba.

Miaka 11 baadaye Napoleon akaivamia Urusi, na unajua yaliyomkuta. Mmoja wa maofisa wake vijana, Jean-Victor Poncelet, alitekwa mwishoni mwa 1812 akapelekwa kufungwa Saratov, mbali kabisa. Huko aliwaona Warusi wakihesabu kwa fremu ya shanga zilizopangwa kwenye nyaya, kumi kumi. Alipoachiwa mwaka 1814 alirudi nayo Ufaransa, na ikaingia mashuleni kama kifaa cha watoto. Nyaya kumi, kila waya shanga kumi. Piga hesabu mwenyewe: mia.

Ile fremu ya shanga za rangi unayoiona kwenye shule za chekechea hadi leo ni ya ukoo huo. Ni kaka mkubwa wa ubao wa mia.

MAMA MWENYE SIRI

Sasa tufike Roma, maana hapa ndipo stori inakuwa chungu.

Kulikuwa na dada mmoja msomi, mkali, mzuri wa kuongea jukwaani. Mwaka 1896 alihitimu udaktari, wakati ambao madaktari wanawake Italia walikuwa wa kuhesabika. Akafanya kazi na watoto ambao jamii ilikuwa imeshawaandika kuwa hawafundishiki, wamefungiwa pamoja na wagonjwa wa akili. Akawafundisha, wakasoma. Watu wakampongeza. Yeye akajiuliza swali baya zaidi: kama hawa wameweza, basi wale wazima shuleni wanafanyiwa nini mpaka wanashindwa?

Katikati ya mafanikio hayo alipendana na daktari mwenzake, na tarehe 31 Machi 1898 akazaa mtoto wa kiume. Hawakuwa wameoana. Italia ya wakati ule, daktari mwanamke mwenye mtoto nje ya ndoa alikuwa amekwisha. Mtoto akapelekwa kulelewa na familia nyingine kijijini. Mama alikuwa anakwenda kumtazama, lakini bila kujulikana kama mama. Mwaka 1901 yule daktari akaoa mwanamke mwingine.

Mwaka 1907, tarehe 6 Januari, dada huyu akafungua chumba cha watoto kwenye mtaa maskini wa San Lorenzo. Wazazi wao walikuwa vibarua, wakitoka kutwa nzima. Watoto walibaki peke yao kwenye majengo yaliyokarabatiwa, wakichora kuta na kuharibu ngazi. Wenye majengo wakaona ni nafuu kuwakusanya mahali pamoja kuliko kupaka rangi kila mwezi. Ndiyo, mapinduzi ya elimu yalianza kwa mtu kuogopa gharama za rangi.

Jina lake ni Maria Montessori. Ndiyo, hiyo Montessori unayoiona kwenye mabango ya shule, ile inayofanya ada ipande.

Waza kidogo. Mchana anawafundisha watoto wa wenzake kuhesabu, dunia nzima inakuja kumtazama. Mwanawe yuko kijijini anakua na watu wengine. Ni baada ya mama yake Maria kufariki, mwishoni mwa 1912, ndipo kijana alipokuja kuishi naye, akiwa na miaka 14 au 15. Hata hapo alitambulishwa kama mpwa, au mtoto wa kulea. Jina lake Mario. Alikuja kuwa mkono wake wa kulia maisha yote.

Mwaka 1939 wakaenda India pamoja kufundisha walimu. Mwaka uliofuata Italia ikaingia vitani upande wa Hitler, na Waingereza waliotawala India wakamkamata Mario kama raia wa adui. Mama akabaki amewekewa mipaka ya kutembea. Kisha tarehe 31 Agosti 1940, siku anayotimiza miaka 70, akapata telegramu kutoka kwa gavana mkuu wa India: zawadi yako ya kuzaliwa ni kurudishiwa mwanao. Telegramu ikasema mwanao, siyo mpwa. Mario alikuwa na miaka 42.

Baadaye Italia ikaweka sura ya huyu mama kwenye noti ya lira 1000. Nchi iliyomlazimisha amfiche mwanawe ikampa nafasi kwenye pesa.

UBAO WENYEWE

Kwenye shule zinazofuata njia yake kuna ubao wa mbao wenye vyumba 100 vitupu na vibao vidogo 100 vyenye namba. Mtoto anavimwaga, anavichanganya, halafu anavipanga moja baada ya nyingine mpaka mia. Kando kuna chati iliyokamilika. Akimaliza, analinganisha mwenyewe.

Soma hapo tena: analinganisha mwenyewe. Hakuna mtu mzima anayesema "umekosa." Ukiweka 47 mahali pa 74, utafika mwisho na kibao kimoja hakina kwao. Ubao ndio unakuambia, kwa upole, bila kukunja sura. Unarudi, unatafuta, unarekebisha. Kosa linakuwa ni taarifa tu, siyo aibu.

Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa la stori nzima. Kilichoniumiza mimi darasa la tatu hakikuwa 7 mara 8. Kilikuwa ni kwamba jibu lilikaa mkononi mwa mtu mwenye fimbo. Ubao wa mia unalichukua jibu kutoka kwa mtu mzima na kuliweka mezani.

NYOKA NA NGAZI, BINAMU WA MTAANI

Kama unadhani hujawahi kuwa na ubao wa mia nyumbani, fikiri tena. Ile ludo ya kununua, geuza upande wa pili. Nyoka na ngazi: vyumba kumi kwa kumi, 1 mpaka 100.

Mchezo huu nao umetoka India, na hakuna anayemjua mtu wa kwanza kuuchora. Kule mwanzo haukuwa wa hesabu, ulikuwa wa dini na maadili. Ngazi zilikuwa matendo mema, nyoka zilikuwa dhambi, na juu kabisa ulikuwa ukombozi wa roho. Bao zake zilikuwa na idadi tofauti tofauti za vyumba. Uingereza ukaanza kuuzwa miaka ya 1890, na huu wa vyumba mia ndio uliosambaa duniani na kutufikia.

Lakini kuna tofauti moja unayotakiwa kuijua. Nyoka na ngazi unatembea kama mlima wa kona kona: ukifika mwisho wa mstari unapanda na kurudi ulikotoka. Kwa hiyo juu ya 7 unakuta 14. Kwenye ubao wa mia kila mstari unaanza upya kushoto, kwa hiyo chini ya 7 ni 17, halafu 27, halafu 37. Nyoka na ngazi inamfundisha mtoto mfuatano wa namba. Ubao wa mia unamfundisha na makumi.

Mchezo nao una faida yake. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Elida Laski na Robert Siegler, walichapisha utafiti uliotumia mchezo wa ubao wa namba 0 hadi 100 kwa watoto wa chekechea. Waliogundua ni hivi: mtoto aliye kwenye 27 akipata hatua tatu, asihesabu "moja, mbili, tatu." Ataje namba anazokanyaga: "ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini." Waliocheza hivyo ndio walionufaika zaidi. Badiliko dogo tu la mdomo!

MWAKA AMBAO SOTE TULIKUWA WALIMU

Machi 2020 unaikumbuka. Korona ikaingia, Tanzania shule zikafungwa tarehe 17, zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kenya watoto wengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Uganda ilichukua karibu miaka miwili mpaka shule zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Ghafla Gertrude wa Pestalozzi akawa kila mtu: shangazi, baba, dada wa kazi, anko asiyejua 7 mara 8.

Wengi tuligundua kitu kibaya. Tulikuwa tunajua njia moja tu ya kufundisha hesabu, ile tuliyofundishwa sisi. Kuuliza kwa ghafla, kusubiri sekunde mbili, kukasirika. Tuliirithi kama urithi wa ukoo. Shule zilifunguliwa, ile njia ikabaki kwenye nyumba zetu, na kwa jirani yangu ikawa na saa yake maalumu.

TULIVYOTENGENEZA WA KWETU

Nilimwambia yule dogo, miaka tisa wakati ule, anitafutie vizibo 100 vya chupa za plastiki, za maji na soda. Alidhani natania. Baada ya siku nne akaja na mfuko, "Anko, viko mia na kumi na mbili, vya ziada nirudishe?" Tayari ameshahesabu mpaka 112 bila kuambiwa.

Tukachukua boksi, tukapiga mistari kwa rula, kila chumba sentimita 4, ubao mzima 40 kwa 40. Maka peni tukaandika namba juu ya vizibo. Gharama: maka peni. Kisha tukaandika chati kamili kwenye karatasi ya manila, ya kujisahihishia.

Michezo tuliyoanza nayo ni hii. Jaribu na wewe.

Kwanza, panga. Mtoto mdogo aanze na 1 hadi 20, usimrushe mpaka mia siku ya kwanza. Kaa pembeni, mikono mfukoni. Akikosea, nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ni ngumu kwako, siyo kwake.

Pili, namba iliyopotea. Afumbe macho, wewe toa vizibo vitano, yeye aseme ni vipi. Halafu mbadilishane, na ukikosa wewe, acha akucheke.

Tatu, kutembea. Kushuka chumba kimoja ni kuongeza kumi, kwenda kulia chumba kimoja ni kuongeza moja. 34 jumlisha 23? Weka kidole kwenye 34, shuka mara mbili, nenda kulia mara tatu. Umefika 57. Dogo alifanya hizi kwa kidole wiki mbili, siku moja nikaona anazifanya kwa macho tu, ubao uko chini ya kitanda.

Nne, harage. Weka harage kila baada ya namba tisa: 9, 18, 27, 36. Utaona zinashuka kwa mshazari kuelekea kushoto, kama ngazi. Makumi yanapanda, mamoja yanapungua, na ukijumlisha tarakimu zake, 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6, unapata tisa kila mara mpaka 90. Mimi nimeligundua hilo nikiwa na miaka thelathini na kitu, juu ya boksi la biskuti, nikataka kulia.

Tano, kwa wakubwa kidogo: chujio la Eratosthenes. Huyu alizaliwa Kirene, Libya ya leo, akasimamia maktaba kubwa ya Alexandria huko Misri zaidi ya miaka 2200 iliyopita. Ondoa 1. Bakisha 2, toa namba nyingine zote zinazogawanyika kwa 2. Fanya hivyo hivyo kwa 3, kwa 5, kwa 7. Vizibo vinavyobaki ni 25, na vyote ni namba tasa. Hilo ni la nyumbani kabisa, wazo la mtu aliyezaliwa Afrika Kaskazini, unalifanya kwa vizibo vya soda.

TUSIDANGANYANE

Ubao siyo dawa. Dogo hajawa wa kwanza darasani. Mama yake bado kuna siku anarudi na hasira za mjini na sauti inapanda. Mtoto asiyekula au asiyeona vizuri ubao wa darasani anahitaji kitu kingine kabla ya vizibo. Na kuna hesabu nyingi ambazo mia haizifikii, kama sehemu na desimali.

Lakini kuna kitu kimebadilika upande wa pili wa ukuta, nami nakisikia. Zamani baada ya swali kulikuwa na kimya cha hofu. Juzi, saa mbili usiku, nilisikia:

"Saba mara nane?"

Kimya. Kimya kirefu mpaka nikashusha sauti ya simu yangu. Nikasikia maharage yanadondoka kwenye boksi, moja moja. Mama naye kimya. Halafu nikamsikia anavuta pumzi, unajua kabisa anataka kusema jibu.

"Mama usiniambie! Nahesabu."

Akasubiri. Yule yule aliyeniambia bombani kwamba anaogopa, akasubiri mpaka harage la nane.

"Hamsini na sita."

Sikusikia kofi. Nilisikia mama anauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Hebu nionyeshe na mimi umepataje."

Wewe hesabu ulifundishwaje nyumbani, na leo unamfundishaje mdogo wako au mwanao? Dondosha hapo chini. Na kama una vizibo vya ziada, kuna dogo wa chumba cha tatu ameanza kuulizia.